Namna ya Kuitazama Theluji ya Kambara na Kuitunza Karatasi Yake

Ukijaliwa kuwa nayo mbele yako picha ile ya Kijapani iitwayo Kambara, Theluji ya Usiku, iwe ni chapa yenyewe katika jumba la makumbusho, au nakala iliyochapwa upya, au sura yake tu iliyomo kitabuni, jizuie kwanza usiwatazame wale wasafiri watatu waliomo ndani yake, maana jicho la mwanadamu hukimbilia wanadamu wenziwe kabla ya kitu kingine chochote, likaridhika, likaondoka. Yaangalie mapaa ya nyumba na mgongo wa kilima, mahali theluji ilipolala nzito, kisha ujiulize ni rangi gani nyeupe iliyotumiwa hapo. Jawabu ni kwamba hapana rangi. Weupe ule ni karatasi yenyewe, isiyoguswa na wino, na yote waliyoyafanya mchoraji na mchonga ubao na mpiga chapa waliyafanya pembezoni mwake ili ibaki salama. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo moja, kwa sababu ukilishika barabara utajua namna ya kuitazama picha ya theluji, na namna ya kupambanua chapa njema na chapa dhaifu, na hata namna ya kuihifadhi nyumbani katika pwani yetu hii ya joto na unyevu.

Mwenye picha ni Utagawa Hiroshige, aliyezaliwa mwaka 1797 katika mji wa Edo, ambao leo waitwa Tokyo, na kufariki dunia mwaka 1858. Wazee wake walikuwa watumishi wa daraja ndogo katika serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, waliokabidhiwa ulinzi wa moto katika mji uliojengwa kwa mbao na karatasi na kuungua mara kwa mara. Naye aliirithi kazi hiyo angali mtoto, huku akijifunza uchoraji kwa ustadhi wake Utagawa Toyohiro. Yapata mwaka 1833 na 1834 alitoa mfululizo wa picha 55 za njia kuu ya Tokaido, iliyounganisha Edo na Kyoto kwa mwendo wa kilomita 500 hivi: picha moja kwa kila kituo katika vituo 53 vya njiani, pamoja na moja ya pale safari inapoanzia na nyingine ya pale inapokoma. Kambara ni kituo cha 15 katika hesabu hiyo. Mfululizo ule ulipendwa mno, ukamfanya Hiroshige mashuhuri katika miaka michache, na tangu hapo mandhari ya njia na mvua na ukungu na theluji ikawa ndiyo milki yake.

Huenda ukasema: mimi theluji sikupata kuikanyaga, niliiona kwa mbali tu juu ya Kilimanjaro siku mawingu yalipofunuka, nitawezaje kuihukumu picha ya theluji? Jambo hilo lisikutie unyonge hata kidogo. Kambara iko kando ya Ghuba ya Suruga, katika jimbo la Shizuoka la leo, nchi ya baridi ya wastani ambako bahari hulainisha majira, na theluji nzito kama ile iliyomo katika picha ni nadra sana kuonekana huko. Hiroshige hakuwa akitoa habari za hali ya hewa. Aliuchukua usiku na kimya na uzito wa theluji, akauweka juu ya kijiji kisichouzoea, kwa kuwa aliona kuwa hapo ndipo utakapotulia. Basi wewe msomaji wa pwani huna upungufu mkubwa kuliko mwenyeji wa Kambara mwenyewe. Utakachohitaji ni subira, na nuru njema, na kujua pa kuanzia.

Kuhusu nuru, yafaa ujue kwamba picha hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya kutundikwa ukutani zikatazamwa na mtu aliyesimama upande wa pili wa chumba. Kambara ina upana wa sentimita 37 au 38 na kimo cha sentimita 25 hivi, kipimo cha kushikwa kwa mikono miwili, na watu wa Edo walizitazama wameketi sakafuni, karatasi ikiwa mapajani au katika albamu, nuru ikiingia kwa ubavuni kutoka mlangoni. Kwa hiyo, ikiwa chapa ni yako, ilaze juu ya meza safi karibu na dirisha lisilopigwa na jua, uinamishe kichwa mpaka macho yako yakaribie usawa wa karatasi, na uiache nuru ipite juu yake kwa mshazari. Hapo ndipo utakapoona kuwa karatasi si bapa kama ulivyodhani: mistari imezama, sehemu zisizo na wino zimefura kidogo, na theluji ya mapaa ina unene wake hasa, unaoweza kupimwa kwa kivuli. Katika makumbusho, ambako huruhusiwi kugusa, sogea ubavuni mwa fremu uchutame kidogo. Walinzi wamekwisha kuwazoea watu wafanyao hivyo. Ama kitabu na skrini ya simu, hivyo vina faida ya kukuonyesha umbo la picha, na makumbusho makubwa kama ya New York, Boston, Chicago na London yamefanya ihsani ya kuziweka hazina zao wazi katika intaneti. Lakini kumbuka kwamba katika skrini weupe wa theluji hufanywa kwa taa, ilhali katika chapa hufanywa na kitu kinachoipokea taa na kuilainisha, na mwenye kuijua theluji ya Hiroshige kwa njia ya skrini tu hajaujua ule upole wake.

Sasa tuingie katika utengenezaji, maana pasipo kuujua hutaweza kuona kilichoachwa. Mchoraji alichora kwa wino mweusi juu ya karatasi nyembamba sana. Karatasi hiyo ikabandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa milimani, mti mgumu wenye nyuzi zilizoshikamana, kisha mchongaji akapitisha kisu pande zote mbili za kila mstari na kuuondoa mti wote usiohitajiwa, hata ikasalia mistari mitupu imeinuka. Na ule mchoro wa asili, kwa kuwa ulikatwa pamoja na ubao, ukatoweka kabisa. Aliyekwisha kuitazama kwa makini milango ya nakshi ya Lamu au ya Unguja atalifahamu jambo hili upesi, kwa sababu ni patasi ile ile na shabaha ile ile ya mkono, ila hapa palipochimbwa ndipo pamekuwa theluji, na palipobaki juu ndipo palipobeba usiku. Baada ya ubao wa mistari zilichongwa mbao nyingine, kila rangi na ubao wake au uso wake wa ubao, na katika kila mmoja zikaachwa alama mbili, moja ya pembeni yenye umbo la kona na nyingine ya mstari mfupi, ili mpiga chapa aegemeze karatasi hapo na rangi zote zikutane mahali pamoja pasipo kupishana hata kwa upana wa uzi.

Karatasi nayo haikuwa karatasi yoyote. Ilitengenezwa kwa nyuzi za ndani za gome la mti wa jamii ya mforsadi, uitwao kozo na Wajapani, nyuzi ndefu zenye nguvu zinazoiwezesha karatasi kuloweshwa, na kusuguliwa, na kuinuliwa, na kulazwa tena juu ya ubao mwingine mara nyingi bila kuchanika wala kujikunja. Mpiga chapa aliupaka ubao rangi iliyochanganywa na maji na uji wa mchele, akaiweka karatasi juu yake, kisha akaisugua mgongoni kwa kifaa kiitwacho baren, kisahani cha kamba ya maganda ya mwanzi iliyozungushwa na kufunikwa kwa ganda la mwanzi. Hapakuwa na mashine ya kukandamiza; palikuwa na bega la mtu na uzito wa mwili wake. Kwa sababu hiyo rangi iliingia ndani ya nyuzi badala ya kukaa juu yake, na ukiigeuza chapa ya kweli utaiona picha nzima imejitokeza kwa nyuma, hafifu lakini timamu, pamoja na michirizi ya duara iliyoachwa na ile baren.

Jambo lililo kubwa kuliko yote katika theluji ya usiku ni anga, na hapa nakuomba utulie zaidi. Anga ya Kambara imechapwa kwa wino wa masizi na gundi, lakini haina weusi wa namna moja: imekolea upande mmoja na kufifia taratibu hata ikawa kijivu cha moshi, na kufifia huko, kwa Kijapani bokashi, hakukuchongwa popote katika ubao. Ubao ule ni uwanda mtupu. Mpiga chapa aliulowesha kwa maji, akatia wino upande mmoja tu wa brashi yake, akaupitisha mara moja au mbili kwa mkono mwepesi, maji yakauvuta wino na kuupunguza, naye akaiweka karatasi kabla haujakauka. Kisha akarudia hayo yote kwa karatasi ya pili, na ya tatu, na ya mia. Ndiyo maana hakuna chapa mbili za Kambara zilizo sawasawa kabisa, na ndiyo maana wajuzi huitazama anga kabla ya kulitazama jina. Mchoraji aliagiza kiza. Aliyekileta ni fundi ambaye jina lake halikuandikwa katika picha, na kwa itikadi yangu nusu ya sifa tunayompa Hiroshige katika picha hii ni haki ya fundi huyo.

Kisha rudi chini ya anga. Utaona kwamba nuru haitoki juu: hapana mwezi, wala taa madirishani, wala moto. Nuru yote yatoka ardhini, kwa ile karatasi iliyoachwa, na mapaa na miti na mteremko vimewekewa vivuli vya kijivu hafifu vinavyotosha tu kukuambia hapa ni pembe ya nyumba, hapa ni bonde, hapa theluji imejaa kwenye tawi. Sasa una ruhusa ya kuwatazama wasafiri. Mmoja ameinama chini ya mwavuli uliofungwa nusu, uso wake haupo; wawili wanakwenda upande wa pili, wamejitanda mavazi ya njia na kofia pana. Vipande vidogo vya rangi walivyovaa ndivyo karibu rangi zote zilizomo katika picha, na jaribu hili litakufundisha kazi yake: vifunike kwa kidole, kama waitazama nakala, uone jinsi kijiji kizima kinavyokuwa baridi zaidi na mbali zaidi. Angalia vilevile kwamba wale wawili na yule mmoja wamekwisha kupishana, wamepeana migongo, wala hakuna anayegeuka. Mchoraji mwingine angewakutanisha katikati ya picha wakaamkiana. Hiroshige aliwangojea mpaka salamu zikapita.

Kuna namna mbili za picha hii, na ni vyema ukiziona zote mbili pamoja. Katika moja, weusi wa anga umekolea juu kabisa na kufifia kadiri unavyoshuka. Katika nyingine umekolea chini, nyuma ya milima na mapaa, na kufifia kadiri unavyopanda. Mbao ni zile zile, wala mstari haukubadilishwa. Kilichobadilika ni upande wa brashi uliotiwa wino. Lakini tofauti ni ya usiku mmoja na mwingine. Kiza kikiwa juu, kijiji kizima kinaonekana kubebeshwa mzigo, na macho yako yanashuka pamoja nao. Kiza kikiwa chini, ukingo wa theluji unakatika mkali dhidi ya weusi, na karatasi iliyoachwa inang'aa kuliko pengine popote. Mimi naipenda zaidi hii ya pili, kwa kuwa ndani yake weupe na weusi vimegusana pasipo kitu baina yao, lakini simlaumu anayependa ile ya kwanza, na ningependa uamue mwenyewe kabla ya kusoma maoni ya mtu mwingine.

Ukishaizoea Kambara, jizoeze kwa picha nyingine za theluji, ukiuliza katika kila moja swali lile lile la weupe. Katika mfululizo huo huo wa Tokaido ipo Kameyama, asubuhi ya anga safi baada ya theluji kuanguka, ambamo msafara unapanda mteremko mkali kuelekea lango la ngome. Hapo karatasi iliyoachwa ni mchana, na anga yenye wekundu wa alfajiri inafanya kazi iliyofanywa na masizi kule Kambara. Katika mfululizo wa mwisho wa uhai wake, wa mandhari mashuhuri za Edo, uliotoka kati ya 1856 na 1858, ipo picha ya hekalu la Asakusa, iliyochapwa mwaka 1856, ambamo taa kubwa nyekundu ya karatasi imening'inia mbele yako na ua wote wa nyuma umefunikwa kwa theluji. Tetemeko la mwaka 1855 lilikuwa limeupinda mlingoti wa kileleni mwa mnara wa hekalu hilo, na katika picha unauona umesimama wima tena. Halafu tafuta ile picha ya karatasi tatu zilizounganishwa, ya milima na mito ya njia ya Kiso, ya mwaka 1857: hapo karibu uso mzima ni theluji, milima imesimama kama haikuchapwa, na buluu ya mto peke yake ndiyo inayoitenga nchi na maji. Kwa mwenye kutaka kujua ni kiasi gani kinaweza kuachwa wazi na picha isianguke, hakuna darasa lililo bora kuliko hilo.

Theluji inayoanguka ni suala jingine, na hapo mafundi walikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ni kuchimba vidoa vidogo katika ubao wa anga, ili wino usifike na karatasi ijitokeze. Ya pili ni kurusha au kupaka juu ya picha iliyokwisha chapwa unga mweupe wa magamba ya chaza, uitwao gofun. Kuzitofautisha si kazi ngumu ukiwa na lenzi na nuru ya ubavuni: kidoa cha karatasi ni laini na nyuzi zake zaonekana, kidoa cha unga kimeketi juu ya wino na pengine kimepasuka au kimebanduka. Baada ya hapo nenda kwa Kawase Hasui, aliyezaliwa mwaka 1883 na kufariki mwaka 1957, mchoraji aliyefanya kazi na mchapishaji Watanabe Shozaburo wakati ufundi wa mbao ulipokuwa ukisukumwa kando na mashine. Tetemeko kubwa la Septemba 1923 lilifuatwa na moto ulioteketeza duka la Watanabe na daftari za michoro za Hasui. Naye akaanza upya, na mwaka 1925 akatoa picha ya lango jekundu la hekalu la Zojoji mjini Tokyo, mwanamke mmoja akipita mbele yake na mwavuli katika theluji inayopeperushwa na upepo. Ukiilinganisha na Kambara utaona kuwa miaka 90 imepita, rangi zimekolea, vivuli vimekuwa vya namna ya Ulaya kidogo, lakini weupe wa theluji bado umeachiwa karatasi.

Sasa tuje katika kununua, na hapa nitasema machache bila kuzunguka. Chapa za zamani za Kambara zipo katika minada na maduka makubwa, na zilizo njema bei yake haiko karibu na mfuko wa mtu wa mshahara. Kwa bahati njema hulazimiki kununua hizo. Huko Tokyo mafundi wa Taasisi ya Adachi, na wengineo, wangali wakichonga mbao za mcheri na kuchapa kwa mkono juu ya karatasi ya kozo, na nakala ya namna hiyo, ikiuzwa kwa jina lake la kweli la nakala, ni kitu cha heshima ambacho unaweza kukitazama maisha yako yote na kujifunza kila nililoeleza hapa. Ninachokuhadharisha ni ile picha iliyopigwa chapa kwa mashine na kuuzwa kwa jina la chapa ya ubao. Chukua lenzi: ukiona anga imeundwa kwa vidoa vidogo vya rangi vilivyopangwa safu kwa safu, hiyo ni kazi ya mashine. Igeuze: ikiwa nyuma ni nyeupe kabisa kama karatasi ya daftari, shaka yako iongezeke. Ipitishie nuru ya ubavuni: ikiwa theluji haina unene wala mistari haikuzama, irudishe kwa adabu. Na ikiwa chapa ni ya zamani kweli, tazama kama mistari myembamba ingali kamili, kwa sababu ubao uliochapwa sana huchakaa na mistari ikakatika au kunenepa. Tazama pia kama ule ufifio wa anga umefanywa kwa taratibu au kwa haraka, maana picha ilipopendwa na wanunuzi wakawa wengi, wachapishaji walipunguza kazi za mkono zilizochukua muda. Zaidi ya hayo yote tazama theluji. Chapa iliyofuliwa kwa dawa ili ing'ae ina weupe mkavu usio na uhai, na iliyoachwa juani miaka mingi ina theluji ya rangi ya chai. Baina ya hizo mbili ichukue hii ya pili, kwa kuwa imezeeka kihalali.

Ukishaipata, kazi ya kuitunza ni yako, na kwa kuwa theluji ni karatasi, lolote litakaloisibu karatasi litaisibu theluji kwanza. Katika picha nyingine doa dogo hujificha ndani ya rangi. Katika picha ya theluji halina pa kujificha. Maadui wake hapa kwetu ni watatu. Wa kwanza ni nuru. Rangi za mimea zilizotumiwa na mafundi wa zamani hufifia upesi, na makumbusho mengi huziweka picha hizi katika nuru isiyozidi lux 50, ambayo ni nuru ya chumba kilicho karibu na giza, tena kwa miezi michache tu kabla ya kuzirudisha sandukuni. Wewe usiitundike mkabala wa dirisha, na ukiitundika tumia kioo chenye kuzuia miali ya urujuanimno, na kila baada ya miezi kadhaa iondoe uiweke nyingine mahali pake. Mbona Wajapani wenyewe hubadilisha picha za chumbani kufuata majira? Desturi hiyo ni ya adabu, nayo ni tiba pia.

Adui wa pili, na kwa pwani ndiye mkuu, ni unyevu. Unyevu wa hewa unaoifaa karatasi ni kama asilimia 50; ukizidi 65 na kuendelea hivyo, kuvu huamka, na alama yake ya kwanza ni madoa ya kahawia yaliyotawanyika kama madoadoa ya ndizi mbivu juu ya weupe wa mapaa. Miji yetu kuanzia Lamu hadi Mtwara huupita unyevu huo siku nyingi za mwaka. Kwa hiyo usiitundike picha katika ukuta wa nje, hasa wa nyumba ya mawe na chokaa unaotoa jasho wakati wa masika. Bandika vipande vya kizibo nyuma ya fremu ili hewa ipite. Usiiache karatasi ikagusana na kioo, bali iwekewe kadibodi iliyokatwa dirisha, na kadibodi hiyo iwe isiyo na asidi, kwa sababu ile ya kawaida huunguza karatasi taratibu na kuacha mstari wa kahawia usiotoka. Ukiihifadhi sandukuni, weka vifuko vya silika jeli na uvikaushe mara kwa mara. Mwenye kiyoyozi na aelewe kwamba kukiwasha mchana na kukizima usiku hudhuru kuliko kutokuwa nacho, kwani karatasi hujikunyata na kufutuka kila siku hata nyuzi zikachoka. Moshi wa udi na ubani, ambao ni fahari ya nyumba zetu, uwe katika chumba kingine. Mafuta yake hutua juu ya karatasi na kuigeuza njano.

Adui wa tatu ni wadudu: mende, mchwa, na wale vijidudu vya rangi ya fedha wajifichao katika vitabu, ambao hupenda ule uji wa mchele uliochanganywa na rangi. Kagua nyuma ya fremu kila baada ya miezi mitatu, usiweke sanduku sakafuni wala likagusana na ukuta, na dawa ya nondo ukiitumia isikutane na karatasi. Usiibandike picha kwa selotepu hata kwa dakika moja, wala kwa gundi ya dukani, wala usikubali mtengeneza fremu aikate kingo ili ienee katika fremu aliyo nayo. Kingo zile zina alama na pumzi ya picha, na zikikatwa hazirudi. Ishikizwe kwa vipande viwili vidogo vya karatasi ya kozo na gundi ya wanga wa ngano, vibandikwe upande wa juu tu, ili karatasi iweze kutanuka na kujikunja na hali ya hewa pasipo kukaza. Kila unapoishika, osha mikono na uikaushe, uishike kwa mikono miwili katika pembe zilizo mkabala, na usipitishe kidole juu ya theluji hata ukiwa na hamu ya kuusikia unene wake: mafuta ya ngozi hayaonekani leo, lakini baada ya miaka michache yataonekana pale pale ulipogusa.